HANDAKI LA MADINA: JINSI WATU WA KAZI MOJA WANAVYOKUWA NDUGU



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, baba zetu, mama zetu na vijana wetu,

Katika mitaa na vijiji vyetu kazi za pamoja ni nyingi. Hapa wanajenga msikiti, pale darasa la madrasa, kwingine wanachimba kisima au wanatengeneza barabara iliyoliwa na mvua. Kila kazi huanza kwa dua na kwa furaha. Lakini ni mara ngapi tumepita mbele ya kuta zilizofika madirishani tu, majani yameota ndani na mbuzi wamefanya zizi? Ukiuliza, utajibiwa kwamba pesa zilikwisha. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kaa na wazee wa mahali pale wakueleze vizuri, na mara nyingi utasikia habari nyingine: watu walikwisha kabla ya pesa. Mmoja alikasirika, wa pili hakuitwa kwenye kikao, wa tatu alisemwa vibaya, na wa nne alichoka kubeba peke yake.

Basi somo letu la leo ni hili: watu waliokusanywa kwa ajili ya kazi wanageukaje kuwa ndugu? Wengi wanafikiri undugu huo unaletwa na hotuba nzuri siku ya kufungua kazi. Sivyo. Undugu unajengwa ndani ya kazi yenyewe, katika mambo madogo: nani anabeba, nani anakula, nani anasikilizwa, na nani anaondoka bila kuaga. Tuangalie jambo hili katika kazi moja kubwa ya zamani za Mtume (s.a.w.), kazi ya kuchimba handaki la Madina.

HABARI YA HANDAKI

Ilikuwa mwaka wa 5 wa Hijra, sawa na mwaka 627. Makuraishi wa Makka, Ghatafan na makabila mengine walipatana kuiendea Madina na kuimaliza. Wanahistoria wametaja jeshi lao kuwa watu kama 10,000. Waislamu walikuwa kama 3,000.

Madina ina kinga ya asili. Upande wa mashariki na wa magharibi kuna ardhi ya mawe meusi ya volkano, kama yale wanayoyajua ndugu zetu wa Goma, na farasi hawezi kupita vizuri juu yake. Kusini kulikuwa na mashamba ya mitende na nyumba zilizobanana. Kaskazini ndiko kulikokuwa wazi. Hapo ndipo lilipochimbwa shimo refu ambalo Waarabu waliliita khandaq, na neno letu "handaki" limetoka humo.

Kazi ilikuwa ya haraka, kwa maana adui yuko njiani. Ilikuwa wakati wa baridi na wa njaa. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba Muhajirina na Ansari walichimba wenyewe asubuhi ya baridi, wala hawakuwa na watumwa wa kuwafanyia kazi hiyo. Kama handaki lisingekwisha kwa wakati, wake na watoto wa Madina wasingekuwa na ngome. Tazama sasa mambo sita katika kazi hiyo.

1. UNDUGU ULITANGULIA JEMBE

Aliyetoa shauri la kuchimba handaki, kama vitabu vya sira vinavyosimulia, ni Salman al-Farisi (r.a.), mtu wa Uajemi. Huko kwao walijua namna hiyo ya kujikinga, na Waarabu hawakuwa na desturi nayo. Wahenga wetu wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini jiulize: kwa nini mgeni huyu aliona Madina ni yake hata akaiwazia usalama wake? Salman alikuwa mtumwa. Hakuwapo Badr wala Uhud kwa sababu ya utumwa, na handaki ndiyo kazi ya kwanza ya jihadi aliyoshiriki na Mtume. Bwana wake alikubali kumwacha huru kwa sharti la kupandiwa mitende 300 na kulipwa wakia 40. Ni nani mtumwa mwenye miche 300? Mtume (s.a.w.) akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Mmoja akaleta miche 30, mwingine 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa kadiri alivyojaliwa, mpaka ikatimia 300. Wakachimba mashimo pamoja naye, kisha Mtume akaipanda kwa mikono yake mitukufu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo handaki lilipoanza. Watu walimchimbia Salman mashimo ya mitende kabla Salman hajawaambia wachimbe handaki. Na kabla ya hapo Mtume alikwisha unganisha Muhajirina na Ansari wawili wawili kuwa ndugu, na Salman naye akaunganishwa na Abu Dardai (r.a.).

Mafunzo: ukitaka watu wafanye kazi pamoja, usianze na hesabu ya matofali. Anza kwa kujua shida zao. Ni nani katika kundi lenu ana mtoto mgonjwa? Ni nani nyumba yake inavuja? Komite ambayo haijapata kumtembelea mjumbe wake nyumbani inajuana kwa majina tu. Siku ya mzigo mzito majina hayabebi kitu.

2. KILA MTU ALIJUA SEHEMU YAKE

Imepokelewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipiga mstari wa handaki, akawagawia kila watu kumi dhiraa arobaini. Dhiraa ni kama nusu mita. Basi kila mtu alipata kama mita mbili. Mzigo wenye mpaka haumtishi mtu. Aliyeambiwa "tuchimbe sote" hajui amalize wapi, na mvivu hujificha katikati ya wengi. Aliyeambiwa "hizi mita ni zenu" anajua akichelewa wataonekana wao.

Tazama pia walivyochanganywa. Kundi moja limetajwa kwa majina: Salman wa Uajemi, Amr bin Awf na Nu'man bin Muqarrin wa kabila la Muzayna, Hudhayfa bin al-Yaman, pamoja na Ansari sita. Watu wa asili mbalimbali katika shimo moja. Sisi tukigawa kazi, tunafanyaje? Watu wa kabila hili upande huu, watu wa mtaa ule upande ule, na wanaosema Lingala wanakaa peke yao. Tukimaliza tunakuwa na ukuta mmoja na makundi matatu.

Na neno jingine. Wapanda farasi wa adui walipofika walizunguka wakitafuta mahali handaki ni jembamba. Walipapata pamoja, na wachache wakaruka wakavuka, mpaka Ali (r.a.) alipomkabili Amr bin Abdi Wudd, aliyekuwa shujaa wao. Handaki refu, pembamba pamoja tu, na hapo ndipo adui alipoingilia. Hivyo hivyo katika kazi yetu: sehemu dhaifu ya mmoja ni mlango wa hasara ya wote. Kwa hiyo ukimaliza mita zako, usikae kivulini ukimcheka jirani yako aliyekuta jiwe. Nenda ukamsaidie.

3. KIONGOZI ALIKUWA SHIMONI

Al-Bara bin Azib (r.a.) amesimulia kwamba alimwona Mtume akibeba udongo wa handaki mpaka vumbi likafunika ngozi ya tumbo lake. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambaye angekaa hemani na kila mtu angeona ni haki yake.

Na Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba lilitokea jiwe gumu lililowashinda. Hawakulificha, wala hawakuupindisha mstari kimyakimya. Walikwenda kumwambia Mtume. Naye hakuwakemea wala hakutuma mtu. Alishuka mwenyewe, na tumboni amefunga jiwe kwa ajili ya njaa, kwa maana walikuwa hawajaonja chakula siku tatu. Akachukua sururu, akalipiga lile jiwe likawa mchanga.

Hapa pana mambo mawili. Kwanza, watu walimwambia kiongozi habari mbaya bila kuogopa. Pili, kiongozi alikuwa na njaa ileile ya watu wake. Mambo haya mawili yanafuatana. Kiongozi asiyeshuka shimoni haletewi habari za mawe. Analetewa habari za kumpendeza, mpaka siku ukuta unapoanguka.

4. CHAKULA KILIKUWA CHA WOTE

Jabir alipoiona njaa ile hakuvumilia. Aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa na pishi moja ya shayiri na mbuzi mdogo. Wakachinja, wakasaga, wakapika. Mama yule akamwonya mumewe asimwaibishe mbele ya Mtume kwa kuita watu wengi. Basi Jabir akamnong'oneza Mtume aje na watu wachache. Lakini Mtume akapaza sauti akawaita watu wote wa handaki. Wakaingia bila kusukumana, na Mtume mwenyewe akawa anamega mkate na kuweka nyama juu yake. Wakala watu kama elfu moja wakashiba, na chakula kikabaki. Kisha akamwambia yule mama ale na awapelekee majirani, kwa sababu watu walipatwa na njaa.

Baraka ile ni muujiza wa Mtume, wala hatujidai tunaweza kulisha elfu kwa pishi moja. Lakini kuna jambo ndani yake ambalo hata sisi tunaliweza: hakukubali kula peke yake na wachache wakati wachimbaji wana njaa. Siku hizi utaona nini mahali pa kazi? Sahani ya komite ina nyama na inafunikwa kwa kitambaa. Sahani ya wachimbaji ni mihogo mikavu, tena imechelewa. Halafu tunashangaa kwa nini wiki ya pili vijana hawaji. Kama kuna nyama, wote wale nyama. Kama ni mihogo, mwenyekiti naye akae chini ale mihogo. Tena tusiwasahau mama zetu wanaopika: majina yao yaandikwe pamoja na ya mafundi, kwa maana kazi ile ni yao pia.

5. HESHIMA YA MDOGO ILILINDWA

Kazi ngumu inataka furaha. Masahaba waliimba wakichimba, na Mtume aliitikia pamoja nao. Imepokelewa kwamba palikuwa na mtu aitwaye Ju'ayl, Mtume akambadilishia jina akamwita Amr. Wachimbaji wakalitia jina lile katika wimbo wao, naye Mtume akawa anaitikia mwisho wa kila mstari. Yule aliyekuwa mtu wa kawaida akasikia jina lake likiimbwa na jeshi zima.

Lakini furaha nayo ina mpaka. Zayd bin Thabit (r.a.) alikuwa kijana wa miaka kama 15 au 16, akibeba udongo pamoja na watu wazima. Usingizi ukamshinda akalala palepale handakini. Umara bin Hazm akachukua silaha zake kwa mzaha bila yeye kujua. Kijana alipoamka alishtuka sana kwa kutoziona. Mtume akamtania kidogo kwa usingizi wake, kisha akauliza nani anajua silaha za kijana huyu. Umara akasema anazo yeye, akaambiwa amrudishie. Ndipo Mtume akakataza Mwislamu kutishwa, au kuchukuliwa kitu chake, iwe kwa mzaha au kwa kweli.

Adui yuko njiani, handaki halijakwisha, na Mtume anasimama kwa ajili ya moyo wa kijana mmoja. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyechekwa mbele ya wenzake hasahau. Utamkuta kesho amekaa kwao akisema mgongo unauma. Si mgongo, ni moyo. Wangapi tumewapoteza kwa majina ya dhihaka: kwa kumcheka asiyejua kusoma, mlemavu, au ndugu aliyesilimu juzi na bado anakosea kutoa salamu?

6. WENYE MALI WALIULIZWA, NA MWENYE UDHURU ALIAGA

Maadui walipoizingira Madina, taabu ikazidi. Mtume (s.a.w.) akafikiri kuwapa Ghatafan theluthi ya tende za Madina ili warudi kwao. Lakini tende zilikuwa za Ansari. Hakuukamilisha mkataba kisha akawatangazia. Aliwaita Sa'd bin Mu'adh, mkubwa wa Aws, na Sa'd bin Ubada, mkubwa wa Khazraj, akawauliza. Wakauliza kama ni amri ya Mwenyezi Mungu, nao watii, au ni shauri la kuwahurumia tu. Walipojua ni shauri, wakasema watu hawa hata zamani za ujahili hawakula tende zao ila kwa kukaribishwa au kwa kununua. Basi Mtume akaliacha shauri lake akafuata neno lao. Na tangu siku ile Ansari hawakukaa vitani kwa ahadi za mtu mwingine, walikaa kwa neno lao wenyewe.

Sisi je? Mara nyingi makisio ya gharama yanaandikwa kwa Kifaransa, yanasomwa haraka, na mzee aliyetoa kiwanja chake anaambiwa atie kidole. Hakuelewa, lakini aliona haya kuuliza. Mwaka unaofuata watoto wake wanadai kiwanja, tunasema wana fitina. Karatasi isomwe kwa lugha ambayo wote wanaisikia. Franka iliyoingia na franka iliyotoka zitajwe mbele ya watu. Mwenye kuulizwa ndiye mwenye kulinda.

Na kuhusu kuondoka: wakati wa kuchimba, mwumini aliyekuwa na haja ya lazima alimwomba Mtume ruhusa, akaenda akaimaliza, akarudi kazini. Wanafiki walifanya kazi kidogo ya kuonekana, kisha walinyemelea kwao bila kuaga. Wanavyuoni wameeleza kwamba aya ya 62 ya Sura An-Nur ilishuka juu ya jambo hilo: inawasifu wanaoomba ruhusa, na inamwelekeza Mtume awape ruhusa awatakao na awaombee msamaha. Angalia uzuri wake. Mwenye udhuru hafungiwi mlango, tena anaombewa. Kinachovunja kundi si mtu kuondoka, ni mtu kutoroka. Basi ewe uliyechoka, au biashara imekuita, au huna nauli: sema. Na wewe unayeongoza: ukiambiwa, usimwite mwenzako mnafiki. Mpe ruhusa, mwombee, na mlango wa kurudi uache wazi.

MWISHO WA HABARI

Maadui walikaa karibu mwezi mmoja mbele ya lile handaki. Hawakupata njia. Mwenyezi Mungu akawaletea upepo mkali wa baridi uliong'oa mahema na kupindua vyungu vyao, wakarudi makwao bila walichokitaka. Sura ya 33 ya Qur'ani, Al-Ahzab, imechukua jina lake kutoka kwa makundi hayo. Ushindi ulitoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini upepo ule uliwakuta Waislamu wamekwisha chimba.

Na Salman? Vitabu vya sira vinasimulia kwamba alikuwa mtu mwenye nguvu za kazi. Muhajirina wakasema Salman ni wetu, na Ansari wakasema Salman ni wetu. Mtume (s.a.w.) akaukata ugomvi ule kwa kusema ni mtu wa nyumba yake. Aliyekuja bila kabila, akapandiwa mitende na watu, sasa makundi mawili yanamgombania. Hiyo ndiyo alama ya kundi lililokuwa ndugu. Jipime kwayo: je, katika kazi yenu, mtu asiye na ukoo hapa wala cheo, anagombaniwa au anasukumwa?

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA IJUMAA IJAYO

1. Katika kazi ya pamoja niliyomo, ni nani sijapata kufika kwake wala kujua shida yake?
2. Je, sehemu yangu ya kazi naijua, na naweza kusema itakwisha lini?
3. Je, kiongozi wetu anaambiwa habari mbaya? Na mimi nikiwa kiongozi, mara ya mwisho nilishika jembe lini?
4. Ni nani aliyeacha kuja? Alitoroka, au tulimfukuza kwa maneno yetu?
5. Hesabu zetu, mama anayepika na kijana anayebeba maji wanazijua?

Usiyajibu mbele ya watu. Yajibu mbele ya Mola wako. Kisha, katika wiki hii, nenda nyumbani kwa yule mmoja aliyeacha kuja. Usiende kumdai siku alizokosa. Kaa naye, mwulize habari za watoto, na mwambie kwamba mahali pake pangali pake.

Ee Mwenyezi Mungu, ziunganishe nyoyo zetu kabla ya mikono yetu. Zikamilishe kazi tulizozianza kwa jina lako, na utujalie tuzimalize tukiwa bado tunapendana. Wape kheri waliotoa mali, waliotoa jasho na waliopika. Wasamehe waliotutangulia, na uipe amani nchi yetu ya Kongo na wakaaji wake wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.